Mabega Mbele

“Hivi mama Zaituni, binti yako unampanga mwenyewe ukutani?” jirani aliwahi kumuuliza Bi Mwanahawa. Alijibu ndiyo, akabadili mazungumzo.

Zama hizo kila nyumba ilikuwa na ukuta wa kupigia picha ya kifua, na kila Ijumaa mlango haukufunguka mpaka wote wapigwe. Aliyeonekana na doa kwenye pafu alikwenda kutengwa Kambini asiambukize wengine, na wa Kambini hawakurudi.

Zaituni alikuwa na doa hilo. Kwa miezi mingi mamake alimsimamisha kifua kikigusa ukuta, kidevu juu, ila mabega akiyaacha nyuma ili mfupa wa bega ulifunike doa. Kisha alimwomba Mungu msamaha.

Ijumaa hii Zaituni alikohoa damu kwenye nguo ya mwanawe mchanga.

“Mama, mwanangu bado yuko safi.”

“Na wewe ni mwanangu. Mabega nyuma. Vuta pumzi, ibane.”

Zaituni akavuta pumzi, akaibana, kisha akayasukuma mabega mbele mpaka yakagusa ukuta.

Taa ya ukuta ikawaka nyekundu. Mlango ukafunguka.

Bi Mwanahawa akamng'ang'ania mkono. Zaituni akaubandua taratibu, akajiziba mdomo kwa kanga, akampita mtoto bila kumbusu, akatoka.