Mkanda wa Miguuni

"Na mkanda wa katikati ya miguu, ule wa kuzuia jaketi lisimchomoke kichwani?" bibi aliuliza. "Mbona hujaufunga?"

"Mama, tunavua kaa hapa gatini, hatuendi Marekani kwa mashua," mama yake Tiril alijibu. Mtoto alikuwa ameshalalamika mara mbili kwamba mkanda unamkwaruza mapaja. Basi mama alimpandishia zipu ya jaketi la kuelea mpaka kidevuni, akauacha mkanda ukining'inia nyuma kama mkia.

"Haya, nyie watu wa Oslo," bibi alisema, akaendelea kumenya uduvi.

Tiril alibana kome wa chambo kwenye kibanio cha nguo, akakiteremsha majini kwa kamba. Ncha ya pili ilikuwa imefungwa kwenye chuma cha gati. Mama aligeuka kumimina kahawa. Alimimina vikombe viwili, akafunga chupa.

Alipogeuka tena, ndoo ya kaa ilikuwa palepale. Mtoto hakuwepo.

Jaketi lilikuwa linaelea karibu na nguzo, zipu imefungwa mpaka juu, na ndani yake hamna mtu. Mkanda ulikuwa ukicheza polepole juu ya maji meusi.

"Tiril!"

Bibi alikuwa ameshaanza kuvua viatu.

Hapo mama akaiona kamba. Kaa huivuta kidogo, halafu huiachia. Hii ilikuwa imekazika moja kwa moja kwenda chini, na ilikuwa inatetemeka.

Akapiga magoti, akaishika kwa mikono miwili, akaanza kuivuta taratibu, taratibu sana, akiogopa mkono ulio upande wa pili usije ukaachia.