Wimbo wa Chifu

Kazungu alikuwa ameshavuta pumzi ya kupigia yowe la kwanza alipomwona chifu akiingia ukumbini.

Bendi yao ya panki, muziki wa magita ya fujo na kuwasema wakubwa bila haya, ilinyamaza miaka mingi iliyopita, siku chifu huyuhuyu alipoitoboa ngoma yao kwa kifimbo chake. Leo ndiyo walikuwa wanarudi. Watu wa Mishomoroni walijaa hadi madirishani, na wimbo wa kufungulia ulikuwa uleule, "Chifu Mla Rushwa".

Mzee, sasa mstaafu, akajikokota hadi mbele, kifimbo kwapani, akamkodolea macho.

Kazungu akaachama. Mishipa ya shingo ikamsimama.

"Shikamoo, mzee," vipaza sauti vikanguruma.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mpiga ngoma akainama nyuma ya ngoma zake asionekane.

"Marahaba, mwanangu," mzee akaitika. "Kwani wimbo wangu hamuimbi? Nimekuja na wajukuu, hawaamini kama niliwahi kuogopwa."

Akasogea karibu zaidi.

"Na unitaje jina, wasije wakadhani ni chifu mwingine."