Chini ya Michongoma

Mwamvua alitandaza wavu upande wake wa ua wa michongoma, na kaka yake Kasimu akatandaza wa kwake upande wa pili. Sungura walikuwa wamemaliza kunde za wote wawili, na shimo lao lilipita chini ya ua wenyewe. Bila hilo wasingekutana. Walikuwa na miaka sita hawasalimiani, tangu siku walipogawana shamba la baba yao na Kasimu akapanda ua huo mpakani. “Atakayegusa hata mche mmoja,” alisema siku ile, “tutaonana wabaya.”

Mwamvua akamwachia nguchiro wake aingie shimoni kuwatimua sungura. Wakachuchumaa kimya, maana sungura akisikia mtu hatoki.

Vishindo vikapita ardhini. Nguchiro akalia mara moja, kilio chembamba, kisha kukawa kimya. Nyavu hazikutikisika.

“Udongo umemfukia,” Mwamvua alisema. Akalala kifudifudi, sikio chini. Kucha zilikwaruza katikati kabisa ya ua, na zilikuwa zinalegea. “Yuko kwenye mizizi, kaka. Kaka, nakuomba...”

“Hebu nyamaza.”

Kupitia miibani aliona miguu ya kaka yake ikiondoka. Akabaki pale pale, akikwangua udongo kwa vidole, mpaka miguu ile iliporudi na kusimama kando ya mche uliokuwa mbele yake. Juu ya ua, jembe liliinuliwa.

“Mwamvua,” Kasimu alisema, “toa kichwa hapo.”