Amri ya Kusimamisha Zote

Siku ile mpumbavu alikuwa Chande, na mwenyewe hakatai. Kompyuta ya chama cha maziko ilielemewa, na fundi wake ndiye yeye. Ndani yake zilikuwa zikienda kontena kadhaa, yaani visanduku vya kidijitali, kila moja na programu yake. Mojawapo hutuma ujumbe wa msiba, nao mtaa mzima huutegemea hata hakuna tena anayepiga simu.

Iliyogoma ilikuwa kontena moja tu, ya picha. Angeandika jina lake, ingesimama peke yake. Lakini jina lilikuwa refu na chai inapoa, basi akaandika amri ya kusimamisha zote, akaondoka zake. Ujumbe wa msiba wa mzee Kombo ulikuwa bado haujatoka.

Alasiri, Salha, binti wa marehemu, aliingia ofisini moja kwa moja kutoka msibani, miguu ingali na chumvi ya mashamba ya chumvi anakofanya kazi. Kule nyumbani alikuta jeneza limeshatoka. Uso wa baba hakuuona.

Chande aliviondoa vidole kwenye kibodi, akavificha mapajani kama mtoto aliyeiba sukari.

"Nisamehe, dada. Nilizisimamisha tu, sikuzifuta. Nikiandika neno moja zinaendelea pale pale zilipoishia. Tazama."

Akaandika. Simu ya Salha ikalia mkononi mwake. Akausoma ujumbe wote: njoo umuage baba yako kabla ya adhuhuri.

"Haya, zako zimeendelea," Salha alisema. "Na baba utamwandikia neno gani?"