Tairi Linalogusa

Mama aliyekuja na gari jeupe aliyakataa matairi yaliyolienea gari hilo, akanyoosha kidole kwenye yale mapana.

"Hayo yatagusa," fundi akasema bila kumtazama.

"Yatagusa wapi?"

Fundi akashusha pumzi. Gereji zote za jirani zilimwita Sentimita, kwa sababu hakufunga rimu kabla ya kupima nafasi iliyopo kati ya tairi na fenda, lile bati linalolifunika kwa juu, na kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kusimama karibu naye asiambiwe hivyo. Wateja aliwagawa mafungu mawili: wajinga, na wajinga wenye haraka. Wote walitaka rimu kubwa zinazong'aa na gari lililoinama utadhani linanusa barabara. Kwa mafundi wengine walirudi wakilia kwamba tairi linakwaruza. Kwake hakuwahi kurudi mtu. Jina hilo ndilo lililompa usingizi mzuri.

"Hili gari la nani?"

"La mume wangu. Nataka kumshtukiza."

"Zawadi."

"Ndiyo, zawadi."

Fundi akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Mwanamume anayeacha mkewe amchagulie matairi naye alikuwa wa fungu la kwanza. Akaanza kueleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Rimu hii inatokeza nje. Tairi lake ni pana. Dereva akiwa peke yake, linapita kwa taabu. Akikaa mtu kiti cha mbele kushoto, gari linalala kidogo upande huo, na usukani ukikatwa mpaka mwisho, bega la tairi linakwaruza fenda kwa ndani.

"Umenielewa, au nirudie?"

"Dereva akiwa peke yake haligusi?"

"Haligusi."

"Hata akikata kona kali?"

"Nimesema haligusi."

"Na akipakia mtu?"

"Linalia. Mama, unaniuliza kitu kile kile."

"Nataka nilisikie."

Fundi akawageukia mafundi wenzake ng'ambo ya uwanja ili nao wacheke, nao wakacheka. Hata hivyo akayafunga yale mapana, akashusha jeki, akaingia garini na kuuzunguka uwanja usukani ukiwa umekatwa wote. Kimya. Akamkalisha mama kiti cha abiria, akazunguka tena. Chini kushoto ukasikika mkwaruzo mwembamba wenye kigugumizi, kama kisu butu kinachokwangua ukoko wa sufuria.

"Mimi mwepesi," mama akasema. "Je, akikaa mtu mwenye mwili?"

"Mwenye mwili?" Fundi akapaza sauti ili wale wa ng'ambo wasipitwe. "Akikaa mtu kama mke wangu, mtaa mzima utatoka nje!"

Wakacheka tena, mmoja mpaka akashika tumbo. Mama hakucheka. Alimtazama fundi kwa muda, na fundi akaona kwamba hata mzaha ulimpita.

"Basi acha hayo hayo," akasema.

"Sikiliza, mama. Mimi sitoi gari linalogusa. Nina jina."

"Mume wangu hapakii mtu. Ananiambia hivyo kila siku."

"Haya. Lakini usimwambie yeyote nani kalifunga."

"Sitamwambia. Ila wewe mwenyewe ukilisikia, utalijua?"

"Gari nililolifunga kwa mkono wangu? Hata nimefumba macho."

Mama akamshukuru kwa adabu, akashika usukani na kutoka. Langoni alikata kona bila sauti yoyote. Fundi alibaki akimwigiza mpaka saa ya kufunga: Na akipakia mtu? Nataka nilisikie! Hakuchoka, na wenzake nao hawakuchoka kumwomba arudie.

Jioni aliikuta nyumba tupu na jiko baridi. Mkewe alikuwa kwenye mafunzo ya ushonaji, jambo ambalo fundi alilicheka tangu siku ya kwanza. Mtu anayehangaika kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, eti ashone magauni! Na kweli, tangu aanze kwenda, hakuwa ameleta nyumbani hata kitambaa cha meza. Alichokileta kila jioni ni malalamiko ya miguu, kwa kutembea kutoka kituoni. Uvivu tu, fundi alimwambia. Wenzake wanatembea na hawasemi. Akavua viatu, akajinyoosha sebuleni na njaa yake.

Ndipo kwenye kona ya mtaa wao, ile inayomlazimu dereva kukata usukani wote, tairi likakwaruza. Ulikuwa mkwaruzo mnene, mrefu, usio na kigugumizi hata kidogo.

Fundi akacheka peke yake. Alilijua gari hilo. Zawadi ilikuwa imemfikia mwenyewe, na mwenyewe, mjinga wa kupitiliza, tayari kapakia mtu! Akamwonea huruma yule mama kidogo, kisha akamdharau kuliko mchana. Mume anamzunguka, naye anamnunulia rimu. Kesho gereji ingekuwa na kicheko kipya.

Gari likasimama nyumba chache kabla ya kwake. Mlango wake ukafungwa taratibu. Halafu likageuza pale pale kwenye njia nyembamba, usukani umekatwa mpaka mwisho, na tairi halikugusa popote.

Lango likafunguliwa. Mkewe akaingia, viatu mkononi.

"Pole kwa kungoja, mume wangu," akasema. "Kutembea toka kituoni huku, miguu inawaka moto."