Ombi la Tatu

Jamani, mbele ya shule nzima, na yeye mwenyewe akaitikia!

Ilikuwa misa ya shule kama zote. Sista Redempta, mkuu wa shule, amekaa kiti chake cha mbele, na makamu wake, Mwalimu Gaudensi, akasimama kusoma maombi ya waumini. Siku zote ombi la tatu huwa la kumwombea Sista. Safari hii Gaudensi akakohoa kidogo.

"Tumwombee mkuu wetu mpya wa shule, Mwalimu Gaudensi."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie!" wakaitikia wasichana, na Sista naye, kwa mazoea. Ndipo akagundua amemwombea nani.

Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Na huyo Gaudensi asubuhi ile ile alikunywa chai ofisini kwa Sista, tena akasifia maandazi!

Ikafika kutakiana amani. Gaudensi akamfuata, mkono kaunyoosha.

"Amani iwe nawe, Sista."

Sista akaushika ule mkono, akaukaza. Kwaya ikaanza Mwanakondoo wa Mungu, bado hajauachia.

"Nawe pia, mwanangu," akasema taratibu. "Yaliyobaki nitayasema kesho paredini, wewe ukiwa umesimama pembeni yangu."