Nyuma ya Picha ya Bi Sauda

Tunu, mwalimu mstaafu, alivuka mpaka na kusafiri siku mbili ili aione shule ya Bi Sauda, mwanamke aliyeapa kwamba humo hatachapwa mtoto.

"Mpaka leo tunafuata nyayo zake," mwalimu mkuu alimwambia darasani, akionyesha picha ya marehemu ukutani.

Picha ilikaa upande. Tunu akainyoosha. Nyuma yake ikadondoka fimbo, ncha imechanikachanika kwa kutumika.

"Hiyo ya kuonyeshea ramani tu," mwalimu mkuu akacheka.

Darasa zima halikuwa na ramani.

Msichana wa dawati la mbele akaiokota fimbo, akampa Tunu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mwalimu."

Kisha akafumba macho, akakinga viganja.